Tiki Zangu za Februari

Jumamosi, saa nne asubuhi. Julai imetukaba. Jua halijachungulia Kangemi tangu Jumatano, nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji kwenye kamba, na chai yangu imepoa kabla sijaandika sentensi ya kwanza. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka.

Mnaofungua blogu hii kwa ajili ya mapishi yangu ya mrenda mnisamehe. Leo hakuna sufuria.

Nina jambo la kukiri na sitalizunguka. Mwezi wa Februari niliandika uongo kwenye daftari la kazi. Kwa sababu ya uongo huo, kuna shamba huko Lugari ambalo mahindi yake yamekwama kimo cha goti.

Kwa wasionijua, mimi hupima udongo. Ni mwaka wa tisa sasa. Maabara yetu iko ndani ya nyumba ya zamani pembezoni mwa Lavington, yenye ukuta mrefu, geti jeusi na askari anayeamini kwamba humo ndani tunatafuta dhahabu na tunamficha. Lakini udongo wenyewe hauji huko moja kwa moja. Unatoka mashambani kama kifurushi cha basi na kushushwa River Road, ambako tuna kichumba cha kupokelea, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na mabati. Unakuja ndani ya mifuko ya unga, mikebe ya siagi, chupa za maji zilizokatwa shingo. Nimewahi kupokea udongo ndani ya soksi, umefungwa fundo, na karatasi ya jina imeshonewa kwa uzi mweusi. Udongo wa Lavington hausafiri hivyo. Huo huletwa na mtunza bustani ndani ya kisanduku safi, kwa sababu nyasi za mkubwa zimeanza kugeuka manjano.

Swali la wote ni moja: udongo wangu una nini? Na kati ya majibu yote tunayowapa, lenye uzito zaidi ni nambari ya asidi. Ikiwa ndogo, udongo ni mchachu, na mahindi hayatainuka hata umwage mbolea namna gani, mpaka kwanza utie chokaa. Ikiwa kubwa ya kutosha, unaachana na chokaa na kuendelea na mambo yako. Kati ya 5.1 na 5.9 unaweza kudhani hakuna umbali. Kwa mkulima, hapo katikati ndipo palipo na chakula cha nyumba yake.

Jumatatu hii nilikuwa zamu ya River Road. Mwalimu Rispah alipanda zile ngazi polepole, mwavuli mkononi, akasimama mlangoni akivuta pumzi. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sasa anaongoza kikundi cha akina mama wakulima. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na karatasi mbili, akazilaza mezani sambamba, akazinyoosha kwa kiganja kama mtu anayepanga karatasi za mtihani.

Ya kwanza ilikuwa yetu, ya Februari. Asidi 5.9, chokaa haihitajiki. Ya pili ilitoka maabara nyingine, ya Juni, udongo wa shamba lile lile. Asidi 5.1, tia chokaa.

"Msichana wangu," akaniambia, "mimi nimesahihisha mitihani miaka thelathini. Mtoto mmoja, jibu moja, walimu wawili, halafu alama zinapishana hivi? Hapo mwalimu mmoja hakusoma."

Akanionyesha picha kwenye simu. Mahindi mafupi, majani yana rangi ya zambarau kingoni. Nyuma yake lilionekana shamba la jirani, limesimama na kuanza kutoa mbelewele.  Alinipa tu simu niishike mwenyewe.

Naandika sehemu inayofuata kwa aibu.

Sikumwambia nitaangalia. Sikumwomba muda. Niliinua mkono nikamwonyesha ukutani, juu ya kichwa chake, kilipo cheti chetu ndani ya fremu ya kioo. Nikamweleza kwamba kila mwaka kuna jaribio la pamoja, kwamba udongo mmoja hugawanywa na kupelekwa maabara nyingi, na kila moja inapima bila kujua wengine wamepata nini; inayokaribia wastani wa zote ndiyo hufaulu. Nikamwambia sisi tulifaulu, na tulifaulu mwaka huu huu, mwezi ule ule wa udongo wake.

"Kwa hivyo wale wengine ndio wenye shida?" akauliza.

"Inaonekana hivyo, Mwalimu."

Alikitazama cheti kwa muda mrefu. Alikisoma chote, hadi sahihi za chini. Kisha akakunja karatasi zake.

"Lori la chokaa tulikuwa tumeshaagiza, tumwage kabla ya maharagwe ya Septemba. Basi nitawaambia akina mama waliache." Akanishukuru. Akashuka ngazi na mwavuli wake, na mimi nikarudi kupokea mikebe.

Alinishukuru.

Sasa nieleze kile cheti kilipatikanaje, maana River Road sikueleza.

Udongo wa jaribio la pamoja haufiki kwa basi. Unakuja na mtu wa kupeleka vifurushi hadi geti la Lavington, ndani ya chupa nyeupe yenye kifuniko cha bluu, umeshakaushwa na kusagwa laini. Kila mtu anautambua. Sisi tunauita Mgeni. Mutua, anayesaga na kupanga sampuli zetu, huitangaza chupa hiyo kutoka mlangoni: "Madam, Mgeni amefika. Niweke chai?" Na tunacheka, lakini kweli Mgeni huandaliwa. Nyumbani kwetu Bungoma mama alikuwa na vikombe vya kabatini ambavyo sisi watoto hatukuvigusa, vya wageni tu. Mgeni wetu naye hupata vikombe vya kabatini. Hupimwa asubuhi mashine ikiwa imetoka kusahihishwa, kwa vyombo vipya, na mtu mwenye uzoefu, ambaye ni mimi. Hupimwa mara tano. Udongo wa Mwalimu Rispah ulipimwa mara moja.

Hata hapo hatuishii. Nina rafiki, Akinyi, tuliyesoma naye chuoni meza moja. Yeye anapima udongo katika maabara nyingine, upande wa pili wa mji. Kila mwaka, kabla ya kutuma nambari zetu, tunapigiana simu. Mwanzoni ilikuwa hofu ya wasichana wawili wapya kazini. Baadaye ikawa desturi kama salamu. Yeye ananiambia yake, mimi namwambia yangu, na zikipishana tunakutana katikati. Mwaka huu, mwezi wa pili, mimi nilikuwa na 6.5, yeye 6.1. Tukatuma 6.3 sote wawili na kila mmoja akapata cheti.

Sikuwahi kuliita jina baya. Nililiita kushauriana.

Najiuliza ni wangapi wengine hushauriana. Pengine ule wastani unaotumiwa kutupima sote, nusu yake ni simu za marafiki.

Jumatatu jioni sikuweza kula. Nilikuwa naiona ile picha, mahindi ya zambarau na nyuma yake ya jirani. Wakulima wamewahi kunilalamikia, na wengi wao walikuwa wamechota udongo vibaya, kando ya zizi au chini ya lundo la mbolea, kwa hivyo nina ngozi ngumu kidogo. Lakini Mwalimu Rispah hakulalamika. Aliamini. 

Jumanne nilikwenda rafu ya nyuma. Kila udongo unaobaki tunautunza hadi mavuno, ndani ya bahasha za khaki. Nikaitoa bahasha ya Mwalimu Rispah, nikampa Mutua.

"Ibadilishe namba," nikamwambia. "Ichanganye na za leo, nisijue ni ipi."

Akanitazama kwa jicho moja. "Madam, leo unajichunga mwenyewe?"

"Leo ndiyo."

Nikapima foleni nzima. Mashine yetu ya asidi ina kijiti cha kioo unachokichovya kwenye tope jepesi la udongo na maji, kisha nambari inatulia. Kijiti kikichoka au kikichafuka, nambari huanza kuteleza kidogo kidogo bila kelele yoyote. Ndiyo maana kila baada ya sampuli kumi unatakiwa kukichovya kwenye maji maalum ambayo jibu lake linajulikana. Mashine ikisema vingine, unasimama, unaisahihisha, unarudia zile kumi. Ukimaliza unaweka tiki kwenye kisanduku kilicho pembeni ya daftari. Jumanne nilifanya hivyo kila baada ya kumi. Kazi ya saa tatu ikachukua tano.

Tulipomaliza Mutua akanifungulia namba. Udongo wa Mwalimu Rispah: 5.1.

Nikalitoa daftari la Februari. Nilijua mwandiko kabla sijafika kwenye ukurasa. Februari ni mwezi wa wazimu, kila mtu anataka jibu kabla ya kupanda, mikebe imejaa hadi korido, simu ya River Road haikai chini. Ukurasa wa siku ile una sampuli thelathini na nane, zote za mchana. Nambari zake zinapanda taratibu kutoka juu hadi chini, kana kwamba udongo wa nchi nzima ulikuwa unapona kadiri jua lilivyozama. Mtu yeyote aliyelitazama daftari angeona. Hakuna aliyelitazama, kwa sababu pembeni kulikuwa na tiki.

Tiki zote zipo. Zimenyooka, wino mmoja, mkono mmoja, mfululizo mmoja. Ziliwekwa kwa mkupuo, mtu ameshamaliza kazi na anataka kwenda nyumbani.

Mkono ni wangu. Nakumbuka hata kalamu.

Si kwamba sikujua sheria. Mimi ndiye ninayewafundisha wapya sheria hiyo. Lakini sote maabara tuna ugonjwa huu, na nina hakika si sisi peke yetu: kisanduku kikiwa tupu kinatuuma macho, basi tunakijaza. Tunaanza na siku moja yenye foleni ndefu, tunasema kesho tutafanya vizuri. Kisha tunazoea. Mwishowe tiki inakuwa sehemu ya kufunga kazi, kama kuzima taa.

Nilipaswa kumpigia Mwalimu Rispah Jumanne ile ile. Sikumpigia. Namba yake ilikuwa juu ya karatasi, niliihifadhi kwenye simu, na kwa siku nne nikawa naifungua na kuifunga. Niliogopa. Niliogopa sauti yake, niliogopa kazi yangu, niliogopa kwamba mtu akishajua kuhusu ukurasa mmoja atauliza kuhusu mingine. Niliwahi kudhani mimi ni jasiri kwa sababu naweza kumjibu askari wa jiji pale River Road. Kumbe ule ni mdomo tu.

Na kana kwamba wiki haijanitosha, chupa nyeupe yenye kifuniko cha bluu ilikuwa mezani tangu wiki iliyotangulia. Mwaka huu waandaaji wametuma jaribio la pili. Mwisho wa kutuma nambari ulikuwa jana, Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Alhamisi nikamwambia Mutua ammwage Mgeni ndani ya bahasha ya khaki kama za wakulima, ampe namba ya kawaida, amtie kwenye foleni ya mchana.

"Bila chai?" akauliza.

"Bila chai. Apange foleni kama Mwalimu Rispah."

Mutua hakucheka. Alikuwa ameshaliona daftari. Alichukua chupa kwa mikono miwili, akageuka, na sikumwona tena mpaka alipoleta trei ya bahasha arobaini zinazofanana. Nikapima, mara moja kila moja, nikikichovya kijiti kwenye maji maalum kila baada ya kumi. Mgeni akatoka na 5.4.

Jana saa nane mchana Akinyi akapiga. Nilijua atapiga.

"Nafu! Niaje? Mgeni wenu amesema nini? Wetu amekuwa sita kamili, na mimi sipendi sita kamili, inakaa ni kama nimeitunga."

Sita kamili. Yangu 5.4. Katikati yake ni 5.7. Akili yangu ilifanya hesabu hiyo kabla sijaiomba, na mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu.

"Akinyi," nikasema, "mwaka huu sikuambii."

"Kwani nimekukosea?"

"Hapana. Nataka tu kujua sisi huku tunapima nini. Nikikuambia sitajua."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, na sauti yake ikashuka. "Nafula, bosi wangu anahesabu vyeti. Niko na watoto wawili. Nikianguka hii, si wewe utaenda kumweleza."

"Najua."

"Basi niambie tu kama niko juu ama chini. Neno moja."

Neno moja. Nilimpenda sana Akinyi dakika ile. Ndiye aliyenilisha chuoni muhula ambao mama aliugua. Lilikuwa neno dogo na nilikuwa nalo mdomoni. Nilinyamaza mpaka yeye mwenyewe akakata simu, bila kuaga. Mpaka leo asubuhi sijaona ujumbe wake, na yeye ni mtu wa kunitumia salamu kabla sijapiga mswaki.

Sijui nani kati yetu amekosea. Labda ni yeye. Labda ni mimi, na mashine yetu inahitaji kijiti kipya. Labda sote wawili tumepotea, kila mtu upande wake, na tumekuwa tukikutana katikati ya upotevu kwa miaka minane.

Kabla ya kutuma nilimwendea Bwana Kirit, mwenye maabara. Familia yake ilianza na lile duka la misumari la River Road; maabara aliifungua yeye mwenyewe baada ya kustaafu dukani, na anaipenda kuliko duka. Nilimwekea daftari la Februari mezani, nimelifungua kwenye ukurasa ule, na kando yake matokeo ya Jumanne. Alivaa miwani. Alifuata nambari kwa kidole kutoka juu hadi chini, akafika kwenye tiki, akarudi juu tena.

"Hii mkono ni yako?"

"Ni wangu, Bwana Kirit."

"Na ule mama ulimwambia nini?"

"Nilimwonyesha cheti."

Alivua miwani akaishika. Mashine ya kusagia ya Mutua ilikuwa ikinguruma chumba cha pili. Nilitarajia anifokee. Ningefurahi angenifokea.

"Kama tutaanguka hii ya sasa," akasema mwishowe, "hiyo cheti kwa ukuta itatoka. Wewe utaitoa. Mimi siwezi. Mimi nilipigilia msumari yake mwenyewe."

"Nitaitoa."

"Haya. Tuma ile umepata. Na mama umpigie, umwambie tutapima tena yote ya kikundi yake."

Saa kumi na dakika ishirini nikatuma 5.4. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: imepimwa mara moja, katika foleni ya kawaida. Sijawahi kuandika kitu pale. Nilipobonyeza kitufe sikuhisi ushujaa wowote. Nilihisi kiu, nikaenda kunywa maji.

Leo saa mbili asubuhi nikapiga Lugari.

Alipokea mara ya pili. Kulikuwa na kuku na redio nyuma yake.

"Mwalimu, shikamoo. Ni Nafula, wa River Road."

"Nafula wa cheti," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa tu anajikumbusha ni yupi.

Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, na karatasi sikuitumia. Nikamwambia kwamba nambari yetu ndiyo iliyokuwa mbaya na ya wale wengine ndiyo sahihi. Nikamwambia kwamba mashine iliteleza na kwamba kulikuwa na njia ya kujua, na njia hiyo mimi sikuifuata, na niliweka tiki kuonyesha nimeifuata. Nikamwambia udongo wa cheti kile ulipimwa kwa mkono mwingine kabisa na ule uliompimia yeye, ingawa mikono yote miwili ni yangu. Nikamwambia tutapima upya udongo wote wa kikundi chake. Nilisema samahani mara nyingi kuliko inavyofaa.

Redio ikazimwa.

"Lori nililikataa Jumanne," akasema. "Nilisimama mbele ya akina mama, nikawaambia nimeenda Nairobi nimeona kwa macho yangu."

Niliandika neno Jumanne kwenye karatasi yangu.

"Nitaliita tena. Sijui kama litakuja kabla ya Septemba, lakini nitaliita." Akanyamaza. Nilidhani ananisamehe, au anatafuta namna ya kunisema. Kumbe alikuwa anafikiri, kama mwalimu. "Hizo tiki uliweka ngapi?"

"Ukurasa mzima, Mwalimu."

"Ukurasa una watu wangapi?"

"Thelathini na wanane."

"Sisi wa kikundi tulioleta udongo siku ile ni sita. Hao wengine thelathini na wawili nani amewapigia?"

Wasomaji wangu, nataka kuandika kwamba sikuwa nimewafikiria. Ingekuwa rahisi. Mimi na Bwana Kirit tulikaa ofisini nusu saa nzima jana tukizungumza juu ya Mwalimu Rispah peke yake, kwa sababu ndiye aliyepanda ngazi. Lakini kidole cha Bwana Kirit kilipita juu ya majina yote, na changu kilikuwa kimepita Jumanne. Nilijua. Nilikuwa nimewaweka pembeni kama zile tiki, mpaka kazi iishe.

"Bado hakuna, Mwalimu," nikasema.

"Basi mimi usiniombe msamaha sasa. Mimi tayari najua shamba langu lina nini. Waombe wale ambao bado wanashangaa."

Akaniaga vizuri, kwa adabu zake zote, akasalimia nyumbani kwetu. Simu ikakatika na mimi nikabaki nimekaa kitandani.

Nilikuwa nimejiandalia mwisho mwingine wa wiki hii. Nilidhani nitampigia mtu mmoja, nilie kidogo, niandike hapa, nijisikie mwepesi, na wasomaji wawili watatu waniambie nimefanya vyema. Tafadhali msiniambie.

Niliupiga picha ukurasa ule jana kabla sijaondoka kazini, sijui kwa nini, na sasa niko nao hapa kwenye simu. Majina na namba za simu, zote kwa mwandiko wangu. Mwingine ni wa Kitale, mwingine Kapsabet, wawili ni wa Kakamega na wana jina moja la ukoo, huenda ni ndugu. Kila mmoja wao alipanda mwezi wa tatu akiamini nambari niliyomwandikia. Baadhi yao huenda sasa hivi wanasimama shambani na kumlaumu muuza mbegu, au mvua, au wenyewe.

Kesho nitakuwa kanisani na Jumatatu nitakuwa na foleni. Leo ndiyo niliyo nayo, na muda wa maongezi wa kutosha kwenye simu.

Naanzia chini, ambako nambari zimepanda zaidi, na jina la mwisho ukurasani ni la mzee wa Kimilili. Namkumbuka sana. Ndiye aliyetuma udongo ndani ya soksi, akashonea jina lake kwa uzi mweusi ili lisipotee njiani.

Simu yake inaita.